Mchuuzi na Mwendesha Bodaboda ni Wafanyakazi Pia: Mambo ya Kampala



Wapo wanachama wanaouliza kwa nini chama cha wafanyakazi kihangaike na wachuuzi wa njiani na vijana wa bodaboda. Hoja yao ni hii: watu hao hawana mwajiri, hawana barua ya kazi, hawakatwi ada kwenye mshahara. Wao ni wafanyabiashara, na chama ni cha watu wa mshahara. Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kupaza sauti na kusema "mshikamano". Linahitaji kuelezwa. Tutautazama mji wetu wa Kampala, kwa kuwa hapo chama kimoja cha wafanyakazi kilijaribu kulijibu kwa vitendo.

JINA LIMETOKA WAPI

Zamani serikali zetu zilihesabu watu wa mijini kwa mafungu mawili tu: wenye kazi ya mshahara, na wasio na kazi. Muuza ndizi, fundi viatu wa chini ya mti, mama anayepika chakula kando ya lango la kiwanda, wote waliandikwa kuwa hawana kazi, ingawa waliamka kabla ya king'ora cha kiwanda kulia. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Keith Hart, alikaa katika mtaa wa Nima mjini Accra, Ghana, akaona kwamba watu hao hawakukaa bure hata kidogo. Hata wenye mshahara mdogo walikuwa na shughuli ya pili ya kujazia. Maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1973 yalisaidia kulieneza jina la "sekta isiyo rasmi". Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulikwisha kulitumia jina hilo katika taarifa yake kuhusu Kenya. Taarifa hiyo ilisema kwamba shughuli hizo zilipuuzwa na serikali, na mara nyingine zilizuiwa, ijapokuwa watu wengi walikula kwazo. Wakenya baadaye wakaziita jua kali. Hilo naona ni jina bora zaidi, maana linataja hali yenyewe: kazi ya kuchomwa na jua kwa kukosa banda.

Fungu hili si dogo. Hesabu za ILO zilizotolewa mwaka 2018 zinaonyesha kwamba barani Afrika, katika kila watu 100 wanaofanya kazi, karibu 86 wamo katika kazi zisizo rasmi. Hapo wamo wakulima wadogo na wachuuzi wa mjini. Lakini wamo pia, na hapa naomba msomaji asome polepole, watu walioajiriwa ndani ya makampuni yenye majina na mabango, ambao mwajiri hawawekei akiba ya uzeeni wala hawapi likizo ya malipo. Kibarua anayekata miwa msimu baada ya msimu bila barua ya kazi na bila akiba huhesabiwa humo humo, pamoja na muuza karanga. Uzio wa shamba haumtoi katika hesabu hiyo.

WATU WALIFIKAJE NJIANI

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao walishika sehemu kubwa ya biashara na viwanda. Maduka na viwanda wakagawiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu, wale ambao wananchi waliwaita "mafuta mingi". Vipuri vikakosekana, mashine zikasimama, bei zikapanda kuliko mshahara. Hapo ndipo magendo yalipotawala. Sukari, sabuni, chumvi na kahawa vikapita njia za panya. Wafanyakazi wengi hawakuacha kazi. Walibaki katika daftari la kiwanda, lakini chakula cha watoto kilitoka kwenye meza ya mke sokoni, au kwenye shamba dogo la mihogo nyuma ya nyumba. Anayesema kwamba mchuuzi ni mtu wa aina nyingine, mbali na mfanyakazi, na aulizwe ni nani aliyemlisha mfanyakazi katika miaka ile.

Miaka ya 1990 ikaja na pigo la pili. Kwa masharti ya wakopeshaji wa nje, serikali ilipunguza watumishi wake kutoka karibu 320,000 mwaka 1990 hadi karibu nusu ya idadi hiyo katika miaka michache. Mashirika ya umma yakauzwa au yakafungwa. Karani aliyepunguzwa, kama kiinua mgongo chake kilitosha, alinunua pikipiki. Kama hakikutosha, alinunua beseni la nyanya.

Usafiri ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Zamani mabasi ya Kampala yalikuwa ya Uganda Transport Company, na upande wa mashariki kulikuwa na People's Transport Company. Dereva wa basi alikuwa na mshahara, sare na chama. Kampuni hizo zikadhoofika hadi zikatoweka. Nafasi yao ikashikwa na gari dogo la abiria 14, ambalo sisi hapa tunaliita teksi na Wakenya wanaliita matatu, pamoja na pikipiki za bodaboda. Bodaboda yenyewe ilizaliwa Busia mpakani, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Waendeshaji waliita abiria kwa kupaza "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Basi kazi ya kuwachukua watu haikupungua. Iliongezeka sana. Kilichotoweka ni mwajiri anayeonekana kwa macho.

MWAJIRI ALIYEJIFICHA

Tazama jinsi teksi inavyofanya kazi. Mara nyingi gari si la dereva. Mwenye gari hulitoa asubuhi kwa sharti moja: jioni aletewe kiasi fulani cha fedha, siku ikiwa nzuri au mbaya. Katika makusanyo ya siku dereva hutenga kwanza fedha hizo, kisha mafuta, kisha ada za steji, kisha "chai" ya kila anayemsimamisha njiani, kisha fungu la kondakta. Kinachobaki ndicho mshahara wake, na pengine hakibaki kitu. Gari likiharibika, siku imepotea. Akiugua, ufunguo hupewa mtu mwingine. Hakuna barua ya kufukuzwa kwa kuwa hakukuwa na barua ya kuajiriwa.

Mfanyakazi wa kiwandani au mchuma chai anayelipwa kwa kilo ataitambua hali hii mara moja. Ni kazi ya kipande, ila hapa hasara yote ya biashara imehamishwa kutoka kwa mwenye mali na kuwekwa mabegani mwa mwenye jasho. Mwenye gari anaijua faida yake tangu asubuhi. Ndiyo sababu dereva huanza kazi kabla ya alfajiri, huendesha hadi usiku, na hukimbiza gari kwa namna inayotutia hofu sisi abiria wake. Tunamlaumu kwa uroho, na kweli wapo waroho, lakini wengi wanakimbizana na lile fungu la jioni. Mwendesha bodaboda yuko vivyo hivyo: wengi hukodi pikipiki kwa siku au kwa juma, na wengine hulipa mkopo kidogo kidogo wakitumaini chombo kitakuwa chao kabla hakijachakaa.

Mchuuzi naye ana wakubwa wake, ingawa hawaitwi hivyo. Yuko anayemkopesha bidhaa alfajiri, yuko anayemtoza kwa mahali pa kusimama, na yuko askari wa jiji. Watu wa ofisini hushangaa kwa nini mchuuzi akipewa meza katika soko jipya la ghorofa huiacha na kurudi njiani. Wao husema ni ukaidi. Mimi naona ni hesabu. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja akielekea steji hapandi ngazi hadi ghorofa ya pili kutafuta fungu la nyanya; hununua pale pale anapopita. Meza ya ghorofani ina ushuru wa kila mwezi na haina wateja. Mahali pa njiani pana wateja ila pana askari. Mchuuzi hulinganisha hasara hizo mbili, akachagua ile anayoweza kuikimbia.

Na si kila mara mtu hufaulu kuikimbia. Mwaka 2018 mwanamke mmoja mchuuzi alikufa maji katika mfereji wa Nakivubo, katikati ya Kampala, alipokuwa akiwakimbia askari wa jiji. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa tena kwa wingi katika barabara za katikati ya mji, kwa nia ya kuusafisha.

KUHESABIWA WAKATI WA KUTOZWA

Husemwa kwamba watu hawa hawalipi kodi. Tuangalie. Mwaka 2012 teksi za Kampala ziliwekewa malipo ya shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mamlaka ya jiji, KCCA. Mchuuzi wa sokoni hulipa ushuru wa meza. Mwaka 2018 ikaja kodi ya fedha za simu, na simu ndiyo benki ya mchuuzi. Kwa upande wa kutozwa, basi, daftari la jiji limewaandika. Tuangalie sasa upande wa kupewa.

Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, usafiri wa abiria ulisimamishwa nchini kote. Teksi zilirudi barabarani tarehe 4 Juni zikiwa zinabeba nusu ya abiria, na nauli ikapanda. Wafanyakazi wengi wa Kampala wanakumbuka jinsi walivyotembea kwa miguu. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba abiria tarehe 27 Julai. Dereva na mwendesha bodaboda hawakuwa na mshahara wa kuendelea kulipwa nusu, wala likizo, wala akiba ya kuchukua. Mwaka 2021, nchi ilipofungwa mara ya pili, serikali iliamua kutoa shilingi 100,000, mara moja tu, kwa watu zaidi kidogo ya 500,000 wa mijini ambao kazi zao zilisimama. Fedha zilitumwa kwa simu kwa wale waliokuwa katika orodha.

Jambo la orodha ndilo la kufikiriwa. Dereva aliye katika chama cha steji ana mwenyekiti anayelijua jina lake na namba yake. Je, mama anayeuza chai kati ya magari, asiye katika chama chochote, angeandikwa na nani? Serikali haiwezi kumpa mtu ambaye haimjui, na mtu mmoja peke yake ni shida kujulikana. Mfanyakazi wa kiwandani huandikwa na mwajiri wake, apende asipende. Asiye na mwajiri hana budi kuandikwa na wenzake.

CHAMA KILICHOFUNGUA MLANGO

Hapa Uganda kipo chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, ATGWU, ambacho asili yake ni ya mwaka 1938. Mabasi ya umma yalipokufa na reli kudhoofika, nacho kilibaki na wanachama elfu chache tu. Viongozi wake wangeweza kulinda hao waliobaki hadi wa mwisho astaafu, na vyama vingi barani vimefanya hivyo hivyo. Wao walitazama nje ya dirisha. Kazi ya usafirishaji ilikuwa imejaa kila mahali. Wafanyakazi wake ndio waliokuwa nje ya chama.

Wakati huo katika vituo vya teksi kulikuwa na UTODA, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo kwa miaka mingi iliendesha vituo vya Kampala na kukusanya malipo ya kila siku. Katika UTODA sauti kubwa ilikuwa ya wenye magari na wakuu wa vituo, si ya mshika usukani. KCCA ilipoanza kazi mwaka 2011, UTODA ikaondolewa katika kazi hiyo, na pakazuka makundi mengi madogo, kila steji na msemaji wake.

ATGWU haikwenda kuandikisha dereva mmoja mmoja. Ilikubali vyama vya madereva vijiunge kwa jumla, vikiwa na kamati zao na wenyeviti wao wa steji. Hivyo wakaingia madereva wa teksi wa Kampala kupitia chama chao KOTSA, waendesha bodaboda kupitia KAMBA, na madereva wa uwanja wa ndege wa Entebbe. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji (ITF) lilisaidia kwa mafunzo. Kufika mwaka 2018 chama kile kilichokuwa kikififia kilihesabu wanachama zaidi ya 100,000.

Walipata nini? Si mshahara, kwa kuwa hakuna wa kuutoa. Hapa majadiliano ni ya namna nyingine. Mfanyakazi wa kiwandani huketi mezani na meneja. Dereva huketi na jiji juu ya steji na ada, na polisi juu ya kukamatwa, na wizara juu ya leseni. Chama kilizungumza na wakuu wa polisi, na usumbufu wa barabarani ukapungua. Kwa mtu anayetoa "chai" mara kadhaa kwa siku, usumbufu ukipungua ni sawa na nyongeza ya mshahara, maana zile fedha hubaki mfukoni. Dereva akiwekwa ndani, yuko mtu wa kwenda kituoni kumuulizia kwa jina la chama kinachojulikana na sheria. Nacho chama kimepata nguvu ambayo watu elfu chache hawakuwa nayo. Wakuu wa jiji wanajua kwamba teksi zikisimama asubuhi moja, mji umesimama.

Mwaka 2015 mkutano wa ILO mjini Geneva ulipitisha Pendekezo Namba 204 juu ya kazi zisizo rasmi. Wachuuzi nao walikuwa na wajumbe wao huko, kupitia StreetNet, shirikisho lao la kimataifa lililoanzishwa Durban mwaka 2002. Mambo mawili katika Pendekezo hilo yanatuhusu hasa. Linataka vyama vya wafanyakazi vifikirie kuwafungulia uanachama watu wa kazi zisizo rasmi. Na linataja utaratibu wa watu hao kutumia maeneo ya umma, maana kwa mchuuzi barabara ndiyo karakana. Pendekezo si Mkataba, halimfungi mtu. Lakini ni karatasi nzuri ya kwenda nayo mbele ya meya.

HASARA YA KUWATENGA

Mwenye mshahara asidhani kwamba mji ukiwafukuza wachuuzi yeye atabaki salama. Mwezi Mei 2005 serikali ya Zimbabwe ilianza kubomoa vibanda, masoko na nyumba zisizo na kibali katika Harare na miji mingine, ikaiita kazi hiyo Murambatsvina, kwa Kishona "kuondoa takataka". Umoja wa Mataifa ulimtuma Anna Tibaijuka, Mtanzania aliyekuwa mkuu wa UN-Habitat, kuchunguza. Taarifa yake ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makao, riziki, au vyote viwili. Zilizobomolewa zilikuwa pamoja na vyumba vya uani ambavyo wenye nyumba walivipangisha, na waliopanga humo walikuwamo watu waliokuwa na ajira zao.

Mfanyakazi wa kima cha chini hula kwa mama wa langoni, hupanda bodaboda, hupanga chumba kisicho na ramani, na hununua nguo za mitumba Owino. Bila bei za watu hao mshahara wake usingefika katikati ya mwezi. Hata hicho kima cha chini ni cha jina tu: shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, lakini Rais hakuutia sahihi.

VIBARUA NA AKIBA YA UZEENI

Liko jambo moja la kufuatiliwa katika matawi ya mashamba na viwanda. Zamani sheria ya NSSF iliwahusu waajiri wenye wafanyakazi watano na zaidi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inawahusu waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi hutoa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu anayejiajiri kuweka akiba kwa hiari, kwa hiyo mchuuzi, dereva na mwendesha bodaboda wanaweza kuingia. Mwakilishi wa tawi aulize kila kibarua kama anakatwa, na kama makato yanafika. Namba ya mwanachama ikiwapo, mtu anaweza kuhakikisha mwenyewe katika ofisi ya NSSF.

YALIYOBAKI MAGUMU

Ada ni tatizo. Kiwandani hukatwa kwenye mshahara. Katika steji hukusanywa na kamati, na kutoka mkononi mwa kamati hadi benki ya chama ni safari ndefu. Chama chenye wanachama 100,000 katika daftari si lazima kiwe na ada za watu 100,000.

Kisha liko suala la wenye vyombo. Maoni yangu ni kwamba mwenye pikipiki moja anayoiendesha mwenyewe ni mfanyakazi. Mwenye pikipiki kumi ni mwajiri, na aketi upande wa pili wa meza. Mwenye mbili, moja anaendesha na moja amemkodisha shemeji yake, sijui tumweke wapi, na nadhani steji zenyewe zinawajua watu wake kuliko katiba yoyote itakayoandikwa ofisini.

Na wako wanawake. Vyama vya madereva ni vya wanaume karibu vyote. Lakini katika kituo cha teksi hufanya kazi pia muuza maji, mpika chakula, muuza vocha za simu na mfagiaji, na kati yao wanawake ni wengi. Kituo kikihamishwa, nao wamehamishwa. Ada ikipanda, nao hutozwa. Kamati ya steji ndiyo huamua nani asimame wapi na kwa malipo gani, na katika kamati hizo nyingi muuza chakula hana kiti.